Wekundu

Jumamosi, Wolverhampton, mvua ya rasharasha
isiyoamua kunyesha wala kukoma.
Nimetoka zamu ya usiku, sijalala,
nimekuja kutafuta saa sita za masomo
kati ya zile thelathini na tano
anazodaiwa muuguzi kila miaka mitatu
ili jina lake libaki daftarini.

Tuko kumi na mmoja. Kuna sahani ya biskuti
ambayo kila mtu anaitazama, hakuna anayeianza.
Mezani amelala mgonjwa wa plastiki,
waridi toka utosini hadi unyayoni,
mtulivu, hana jamaa wa kumuulizia.

Mada: vidonda vya kulalia.
Mkufunzi ni Gaynor, sauti ya kukwaruza,
miwani kichwani na mingine puani.
"Tafuteni wekundu," anasema,
na ukutani kinajitokeza kisigino
cheupe, chenye doa kama muhuri wa posta.
Wote wanaandika: wekundu.
Kalamu yangu imesimama.

Maana nilishawahi kuutafuta.
Kitanda cha tisa, Novemba ile, Bwana Delroy Whittock,
dereva wa basi miaka thelathini na mmoja,
mzaliwa wa Barbados, mweusi tititi kama mimi.
Nilimwinua mguu chini ya taa,
nikaangalia kama nilivyofunzwa kuangalia,
nikajaza: hakuna wekundu. Nikatia sahihi.
Akaniambia, "Sista, hapo panawaka."
Nikampa mto.

Siku ya tatu ngozi ikafunguka yenyewe.

Kwetu Korogwe kidonda kisichopona
huitwa kidonda ndugu.
Hicho kilikuwa ndugu kweli:
kilikula naye, kililala naye,
kilimsindikiza hadi nyumba ya wazee kule Bilston.
Kilimwachia wapi, sikuuliza.

Mkono wangu ukanyooka kabla sijauruhusu.
"Na kwenye ngozi kama hii," nikasema,
"wekundu unakaa wapi?"
Biskuti zikapata watazamaji zaidi.

Gaynor akavua miwani ya puani, akasahau ya kichwani.
"Miaka kumi na tisa nafundisha picha hii.
Wewe ni wa pili kuniuliza.
Wa kwanza sikumjibu vizuri."
Akavuta kiti. "Nikopeshe mkono."

Akabonyeza mfupa wa kiwiko changu, akaachia.
"Hapa rangi itakudanganya. Linganisha na jirani yake:
pana joto kuliko pembeni? Pamekaza?
Au pamelegea kama tunda lililopondeka?
Tumia mgongo wa vidole; ncha zimechoka na kazi.
Na kabla ya yote hayo,
mtu akisema panauma, panauma. Andika."

Kumbe ndicho hicho tu. Na nilikuwa nacho nyumbani:
mama hakuwahi kuiona homa usoni mwetu,
aligeuza mkono, akatuwekea shingoni, akajua.
Nikavuka bahari na vyeti vitatu mkobani
nikauacha mgongo wa mkono uwanja wa ndege.

Jioni nikajaza fomu ya tafakuri.
Inauliza: utabadilisha nini kazini?
Imetoa mistari minne.
Jina la mgonjwa haliruhusiwi kwenye fomu,
ndiyo maana nimeliweka hapa.

Usiku wa Jumatatu, saa tisa na robo,
Bi Hyacinth Pryce kanishika aproni:
"Mwanangu, kisigino."
Sikuwasha taa kubwa.
Niligeuza mkono, nikaweka, nikangoja,
nikahamia kisigino cha pili, nikarudi.
Joto. Gumu kidogo, kama ugali uliolala.

Kwenye chati hakuna kisanduku cha joto.
Nikaandika pembeni, herufi zikapanda ukingoni,
nikamwamsha daktari, akakasirika,
akaja.